Nani Amlipe Mchunguzi wa Ubepari? Fundisho la Taasisi ya Frankfurt kwa Wachungaji na Wanatheolojia

1. Utangulizi

Katika somo la maadili ya Kikristo, kila tufikapo kwenye habari za mali na uchumi, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: Je, mtu anayelishwa na tajiri aweza kuuchunguza utajiri kwa haki? Swali hilo si la mzaha. Wengi wetu tulio katika huduma tumesoma kwa fedha za wengine. Ada zetu, vitabu vyetu na nauli zetu zimetoka kwa sharika, dayosisi, mashirika ya kimisioni na watu wema ambao hatujapata kuwaona kwa macho. Wahenga walisema, "Mla cha mwenziwe na chake huliwa." Basi ni haki kuuliza ni kitu gani chetu kinacholiwa pale tunapokula cha wenzetu.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza mfano mmoja wa historia, yaani ufadhili uliotolewa kwa wasomi walioungalia na kuuchunguza ubepari katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, tangu mwaka 1923. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, fedha zake zilitoka katika ubepari wenyewe, tena bila kificho. Pili, karibu na wasomi wale alikuwapo mchungaji wa Kilutheri, Paul Tillich, ambaye jina lake linajulikana sana katika vyuo vya theolojia.

2. Maana ya maneno

Neno "bepari" lilitujia kutoka India likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Katika lugha yetu ya siasa, hasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, limekuwa jina la mwenye mtaji aishiye kwa jasho la wengine. Hapa tunalitumia neno "ubepari" bila kutukana. Tunamaanisha utaratibu wa uchumi ambao ndani yake mtaji ni mali ya watu binafsi, kazi ya mtu hununuliwa kwa mshahara, na uzalishaji huongozwa na tamaa ya faida.

"Ufadhili wa utafiti" nao si sawa na mshahara wa mwalimu. Msomi hupewa posho ya kumwezesha kuishi, chumba cha kufanyia kazi na ruhusa ya kutumia maktaba. Hadaiwi vipindi darasani, bali hudaiwa kuchunguza jambo na kuandika aliyoyaona. Ufadhili wa namna hii kwa wachunguzi wa ubepari umeongezeka katika siku zetu. Baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008 somo hili lilipata nguvu mpya katika vyuo vikuu vya Marekani, na chuo cha The New School, New York, kilianzisha kituo maalumu chenye jina la mchumi Robert Heilbroner. Hata hivyo, tatizo lenyewe ni la zamani zaidi. Karl Marx aliandika juu ya mtaji huku akisaidiwa na rafiki yake Friedrich Engels, ambaye alipata fedha hizo katika kiwanda cha nyuzi za pamba huko Manchester. Mwaka 1869, Engels alipojitoa katika biashara, alimwekea Marx pauni 350 kwa kila mwaka. Hivyo pamba ya Manchester ilimlisha mchunguzi wa viwanda vya pamba.

3. Mfanyabiashara wa nafaka na mwanawe

Hermann Weil alikuwa Myahudi wa Kijerumani aliyekwenda Argentina mwishoni mwa karne ya 19, akajenga huko kampuni kubwa ya kuuza nafaka Ulaya. Mwanawe Felix alizaliwa Buenos Aires mwaka 1898, akapelekwa Frankfurt kusoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kijana huyu akawa mjamaa. Aliandika tasnifu ya udaktari juu ya kuufanya uchumi kuwa mali ya umma, kisha akaanza kutumia urithi wake kuwasaidia waandishi na wachoraji wa upande huo. Mwaka 1923 aligharimia mkutano wa wiki moja huko Geraberg, ambako wanafikra kama Georg Lukács na Karl Korsch walijadiliana juu ya mafundisho ya Marx.

Felix Weil aliona kwamba mikutano ya wiki moja haitoshi. Akamwomba baba yake fedha za kuanzisha taasisi ya kudumu. Mzee Weil, ambaye hakuwa mjamaa hata kidogo, alikubali kutoa marki 120,000 kila mwaka, na familia yake ikagharimia jengo. Serikali ilitoa kibali Februari 1923, na nyumba ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii ikafunguliwa tarehe 22 Juni 1924. Ilikuwa na chumba cha kusomea chenye nafasi 36 na vyumba vidogo 16 vya watafiti. Mkurugenzi wake wa kwanza, Carl Grünberg kutoka Vienna, alisema waziwazi siku ya ufunguzi kwamba yeye ni mfuasi wa njia ya Marx. Aliongeza kwamba vyuo vikuu vilikuwa vimezoea kuandaa watumishi wa serikali, ilhali nyumba hii ingekuwa ya uchunguzi.

4. Ua uliojengwa kati ya fedha na ukweli

Hapa yatupasa kuangalia kwa makini jinsi Taasisi ilivyopangwa, maana ndipo penye fundisho la kwanza. Fedha zilishikwa na chama cha wakfu, wala hazikupita mkononi mwa mtu mmoja kila mwezi. Mkurugenzi alipaswa kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, na uteuzi wake ulihitaji kibali cha wizara. Taasisi ilikuwa karibu na chuo kikuu lakini haikuwa chini ya amri yake. Mtoa fedha hakuwa na njia rahisi ya kumfukuza mtafiti ambaye maandishi yake hayakumpendeza.

Felix Weil naye alijiwekea mpaka. Alikataa kutafuta cheo cha kufundisha chuoni, kwa hoja kwamba watu wangesema ameinunua ruhusa hiyo kwa fedha zake. Kwa maoni yetu, neno hili ni zito kuliko hotuba nyingi juu ya uadilifu. Mfadhili alijua kwamba fedha yake ingeweza kumletea heshima asiyostahili, akaikataa mapema kabla haijatolewa.

Matunda ya mpango huo yalionekana. Mwaka 1929 Henryk Grossmann alitoa kitabu kilichodai kwamba utaratibu wa kibepari unaelekea kuanguka kwa sheria za ulimbikizaji wake wenyewe. Yaani nyumba iliyojengwa kwa faida ya nafaka ilitoa kitabu kinachotabiri mwisho wa faida. Lakini Taasisi haikuwapendeza wajamaa siku zote. Tangu mwaka 1929 Erich Fromm aliongoza uchunguzi kati ya wafanyakazi wa Ujerumani; madodoso zaidi ya 3,000 yaligawiwa, na karibu 1,100 yakarudi. Ilionekana kwamba wengi waliokipigia kura chama cha wafanyakazi walikuwa bado na moyo wa kunyenyekea mabwana wenye nguvu, na kwamba wasingeweza kutegemewa kumpinga dikteta. Miaka michache baadaye historia ilithibitisha hofu hiyo. Hata hivyo uchunguzi wote haukuchapishwa kama kitabu mpaka mwaka 1980. Jambo hili latuonya kwamba ukweli waweza kucheleweshwa hata pale ambapo mfadhili hakuuzuia.

5. Paul Tillich: mchungaji kati ya wachunguzi

Paul Tillich, mwana wa mchungaji, alizaliwa mwaka 1886, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1912, na wakati wa vita alikuwa kasisi wa jeshi. Alizika vijana wengi mno. Alirudi akiamini kwamba kanisa lililojifungamanisha na mfalme na wenye mali haliwezi kuwaambia wafanyakazi neno la wokovu. Akajiunga na kundi la wajamaa wa Kikristo huko Berlin, na mwaka 1929 akaitwa Frankfurt kuwa profesa wa falsafa.

Tillich hakuwa mtumishi wa Taasisi, lakini alikuwa rafiki wa wasomi wake. Aliunga mkono kuteuliwa kwa Max Horkheimer kuwa profesa wa falsafa ya jamii mwaka 1930, hatua iliyomwezesha Horkheimer kuwa mkurugenzi baada ya Grünberg kuugua. Pia alimsimamia Theodor Adorno katika tasnifu iliyompa haki ya kufundisha chuo kikuu, tasnifu iliyohusu mwanatheolojia wa Denmark, Søren Kierkegaard.

Mchango wa Tillich ulikuwa ni kuupa ubepari jina la kitheolojia. Katika maandishi yake ya mwaka 1926 alifundisha kwamba roho ya jamii ya kibepari ni ile hali ya ulimwengu kujitosheleza, kana kwamba vitu vyenye mwisho havihitaji cho chote kisicho na mwisho. Tena aliita ubepari, pamoja na utaifa uliopita kiasi, nguvu za kipepo za wakati wake. Hakumaanisha kwamba ni uovu mtupu. Kwa Tillich, cha kipepo ni kile chenye uwezo wa kuumba na kuharibu kwa pamoja: hujenga reli, viwanda na miji, kisha hudai kuabudiwa na kula watoto wa miji hiyo. Mchumi aweza kuipima faida. Mwanatheolojia huuliza faida imeketi katika kiti cha nani.

6. Uhamisho na hofu ya mpokeaji

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Mwezi Machi polisi waliifunga nyumba ya Taasisi. Tarehe 13 Aprili, Tillich na Horkheimer walikuwa miongoni mwa maprofesa wa kwanza kusimamishwa kazi. Kitabu cha Tillich kilichoutetea ujamaa na kuukataa Unazi kilikuwa kimetoka mwaka huohuo, nacho kikazuiwa. Kwa bahati njema Horkheimer alikuwa amekwisha kuhamishia nje ya Ujerumani sehemu kubwa ya fedha. Mwaka 1934 Taasisi ilipata makao mapya katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na katika miaka iliyofuata ilitoa misaada kwa wasomi zaidi ya 100, wengi wao wakimbizi. Fedha ya nafaka ilikuwa sasa mkate wa watu waliofukuzwa kwao. Hatuna budi kuliheshimu jambo hilo.

Lakini ndipo pia tatizo lilipojitokeza kwa sura mpya. Walter Benjamin, mwandishi aliyekimbilia Paris, alipokea posho ya Taasisi tangu mwaka 1934, na bila hiyo asingaliweza kuishi. Mwaka 1936 jarida la Taasisi lilichapisha makala yake juu ya kazi ya sanaa katika zama za mashine. Ofisi ya New York ilibadilisha maneno yake. Aliposema "ufashisti", pakawekwa "mafundisho ya utawala wa kiimla". Aliposema "ukomunisti", pakawekwa "nguvu za kujenga za mwanadamu". Hermann Weil alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1927, wala Felix hakutoa amri. Wapokeaji wenyewe waliogopa. Walikuwa wageni katika nchi isiyopenda maneno hayo, wakaona heri kuyaficha.

Mwaka 1938 makala nyingine ya Benjamin, juu ya mshairi Baudelaire, ilirudishwa na Adorno pamoja na barua ndefu ya lawama, ikabidi aiandike upya. Mwanzoni mwa mwaka 1939 Horkheimer alimwandikia kwamba huenda posho yake ikakoma, kwa kuwa Taasisi ilikuwa imepata hasara. Wachunguzi wa ubepari walikuwa wameweka akiba yao katika hisa na majengo, na soko likawapunja. Benjamin alijiua huko Portbou, mpakani mwa Hispania, Septemba 1940, akikimbia Wajerumani. Itakuwa dhuluma kusema kwamba Taasisi ilimwua. Kinyume chake, ilikuwa imemsaidia kupata viza ya Marekani. Tunachosema ni kwamba mtu ambaye mkate wake wote watoka katika mkono mmoja, hata mkono huo ukiwa wa rafiki, huisoma kila barua kwa kutetemeka.

7. Nuru ya Maandiko na ya Matengenezo

Biblia inalijua swali hili tangu zamani. Nabii Mika anawakemea makuhani wanaofundisha kwa ijara na manabii wanaobashiri kwa fedha (Mik. 3:11). Kosa lao si kula, bali ni kwamba chakula kimegeuka kuwa ujumbe. Amazia, kuhani wa Betheli, anamwambia Amosi aende Yuda akale mkate wake huko, naye Amosi anajibu kwamba yeye ni mfugaji na mtunza mikuyu, hategemei meza ya mfalme (Amo. 7:10-15). Mtume Paulo anatetea haki ya mhubiri kuishi kwa Injili, lakini huko Korintho anaacha kuitumia haki hiyo (1 Kor. 9:14-15). Tena Paulo huyohuyo anapokea zawadi ya Wafilipi kwa furaha, akiiita sadaka yenye kumpendeza Mungu (Flp. 4:15-18). Basi Maandiko hayakatazi ufadhili. Yanatutaka tupambanue.

Luther naye alikuwa msomi aliyelipwa. Alifundisha Wittenberg chini ya Mteule Frederick, mtawala aliyekusanya maelfu ya masalio ya watakatifu, ambayo kuyatazama kulileta ahadi za msamaha. Kanisa lake la ngome lilikuwa sehemu ya riziki ya chuo kikuu. Kwa hiyo Luther alipohubiri juu ya vyeti vya msamaha hakugusa mfuko wa Roma peke yake, bali aligusa na meza aliyokula. Baadaye, mwaka 1541, aliandika kwamba mahubiri hayo hayakumpendeza Mteule, aliyelipenda sana kanisa lake. Nyuma ya vyeti vya mwaka 1517 kulikuwa na deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa benki ya Fugger. Matengenezo yetu yalianza kwa profesa aliyethubutu kuuliza fedha imetoka wapi na inakwenda wapi.

Luther hakuishia hapo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 anaitaja Mali kuwa mungu anayeabudiwa kuliko wote duniani. Mwaka 1540 aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya riba, na asiyetubu wamnyime maondoleo, Meza ya Bwana na maziko ya Kikristo. Tujiulize ni wangapi kati yetu wamepata kuhubiri juu ya mikopo ambayo waumini wetu wameipa jina la "kausha damu", inayowanyang'anya akina mama vyombo vya nyumbani kwa deni lililozaa maradufu. Na kama tumenyamaza, je, ni kwa sababu hatujui, au ni kwa sababu mkopeshaji ndiye aliyetoa mabati ya kanisa?

8. Maswali manne ya kupima ufadhili

Kutokana na hayo twaweza kuweka vipimo vinne, ambavyo vyafaa kwa mwanafunzi anayepokea msaada, kwa chuo, na hata kwa halmashauri ya usharika.

Kwanza, ni nani awezaye kumwondoa mchunguzi? Kama mtoa fedha aweza kufanya hivyo kwa neno moja, hakuna uchunguzi.

Pili, mfadhili anajinunulia nini? Weil alikikataa cheo. Anayetoa ili jina lake liandikwe ukutani huenda ametoa kwa moyo safi. Lakini anayetoa ili sauti fulani isisikike amenunua, hakutoa.

Tatu, ni maneno gani tumeyaacha tangu tuanze kupokea? Swali hili haliulizwi kwa mfadhili, bali kwetu wenyewe, mbele za Mungu. Mfano wa Benjamin waonyesha kwamba kalamu hufungwa mara nyingi na mpokeaji mwenye hofu kuliko na mtoaji mwenye hila. Mwanafunzi na apitie insha zake, na mchungaji mahubiri yake ya miaka mitano, atazame ni neno gani lililotoweka.

Nne, je, msaada unatoka mkono mmoja au mikono mingi? Hapa historia ya Tillich yatupa mfano mwema. Alipofukuzwa Ujerumani, walimu wa Union Theological Seminary, New York, ambako Reinhold Niebuhr alifundisha, walikubali kukatwa asilimia tano ya mishahara yao ili apatiwe nafasi. Ilikuwa miaka ya dhiki ya uchumi, nao hawakuwa matajiri. Ufadhili ule haukuweza kumfunga mdomo mtu, maana hapakuwa na mmoja aliyeumiliki.

9. Hitimisho

Jibu letu kwa mwanafunzi ni hili: Ndiyo, anayelishwa na tajiri aweza kuuchunguza utajiri kwa haki, ikiwa pamejengwa ua kati ya mkono unaotoa na kalamu inayoandika, na ikiwa mwenye kalamu hamwogopi mtoaji kuliko Mungu. Ua peke yake hautoshi. Frankfurt ulikuwapo, na maneno yakabadilishwa. Moyo peke yake nao hautoshi, kwa maana mwenye njaa na watoto hapaswi kudaiwa ushujaa kila asubuhi.

Kwa hiyo tunazishauri sharika na dayosisi zisiwaachie wageni kazi yote ya kuwasomesha watumishi. Sadaka ndogo za wengi, zikiwekwa katika mfuko wenye katiba na wadhamini, zaweza kumtuma mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja akachunguze mikopo, bei za mazao na mishahara katika wilaya yake, kisha aje kuisomea sinodi aliyoyaona bila kufuta neno. Habari hizo huenda zikamkasirisha mzee wa kanisa, au hata sisi walimu. Sinodi iwe imeandika tangu mwanzo, katika katiba ya mfuko huo, kwamba posho ya mwanafunzi haitakatwa kwa sababu ya hasira hiyo.